Kuandika kwa mkono kwenye tableti: mwanafunzi wa Bukavu achague aplikasio gani?

Katika oditwari za Bukavu, iwe UOB, UCB ao ISP, kuko wanafunzi wanaoingia na tableti na kalamu yake, wanaandika juu ya kioo sawa vile wengine wanaandika kwa biki katika kaye. Sababu inaeleweka. Silabusi inatumwa kwa PDF katika kikundi cha WhatsApp cha promosio, na kuitoa yote kwenye fotokopi kunakula pesa. Mwenye tableti anaandika pembeni ya silabusi yenyewe.

Shida inaanza wakati wa kuchagua aplikasio ya kuandikia. Wengi wanaangalia rangi za wino na uzuri wa kurasa. Lakini katika mji wenye umeme wa kukatika na koneksio ya kununua kwa mega, swali la kwanza ni lingine: siku tableti itaibiwa, itaanguka ao itakataa kuwaka karibu na mitihani, nota zitakuwa wapi?

Kuanzia kwenye kalamu

Kuko kalamu za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya bei ndogo yenye kichwa cha mpira. Tableti inaiona kama kidole tu. Ukiegemeza mkono juu ya kioo, mistari inajichora ovyo.

Ya pili inazungumza na kioo chenyewe: mara nyingi inajua umekandamiza kwa nguvu gani, na mkono hauisumbui. Samsung wanaiita S Pen, Apple wanaiita Apple Pencil. S Pen inaandika bila kushariji. Apple Pencil inaomba kushariji.

Mtu asinunue kalamu kabla ya kujua kama tableti yake inaipokea. Galaxy Tab S6 Lite, iliyotoka mwaka 2020, inauzwa na S Pen yake. Galaxy Tab A8 haipokei S Pen, hata kama zote mbili ni Samsung. Apple Pencil nazo ziko za aina mbalimbali, na si kila moja inaenda na kila iPad.

Nota zinachungwa namna gani?

Unapoandika, aplikasio haichungi picha ya ukurasa. Inachunga njia ambayo kalamu ilipita, mstari kwa mstari. Ndiyo maana maandishi matupu hayana uzito mkubwa. Kinacholemeza ni PDF za silabusi, picha za ubao na sauti ya profesa iliyorekodiwa.

Lakini kila aplikasio inachunga mistari hiyo kwa namna yake. Faili ya Samsung Notes haifunguki katika GoodNotes. PDF, yenyewe, inafunguka karibu kwenye kila simu na kompyuta. Kwa hiyo aplikasio isiyoweza kutoa nota kwa PDF bila malipo inamfunga mwanafunzi: akibadilisha tableti, nota zinabaki nyuma.

Aplikasio zenyewe

Kwa mwenye tableti ya Samsung, Samsung Notes iko ndani tayari, ni ya bure, inafanya kazi bila koneksio, inafungua PDF na inatoa PDF. Hiyo inatosha kwa kuanza.

OneNote ya Microsoft nayo ni ya bure, na inaingia kwenye Android, iPad na kompyuta. Inaomba konti ya Microsoft, na nota zinapanda kwenye intaneti kila mara koneksio ikipatikana. Hapo njo uzuri wake: tableti ikiibiwa, nota zinapatikana kwenye kompyuta ya ndugu. Lakini kupanda huko kunakula mega, na mtu aliyekaa wiki bila koneksio ajue kwamba nota za wiki hiyo ziko ndani ya tableti peke yake.

Kwa wenye iPad, GoodNotes na Notability zinajulikana sana. Zina toleo la bure lenye mipaka. Anayetaka zaidi analipa.

Na malipo hayo yanaomba kufikiriwa. Mwezi wa 11, 2021, Notability iliacha kuuzwa mara moja, ikaanza kuomba pesa kila mwaka. Waliokuwa wamekwisha kununua walilalamika sana, na kampuni ikawaachia walichokuwa nacho. Kampuni inaweza kubadilisha masharti mwanafunzi akiwa katikati ya masomo. Tena malipo mengi yanaomba karte ya benki, na Bukavu inakumbuka namna mabanki yalifunga milango mwezi wa pili 2025.

Kutafuta neno

Aplikasio kadhaa zinaweza kusoma mwandiko na kukutafutia neno. Kazi hiyo inategemea lugha. Kwa masomo ya Kifaransa, lugha hiyo ichaguliwe, na ikiombwa kupakuliwa, ipakuliwe koneksio ikiwepo. Anayechanganya Kifaransa, Kiswahili na Mashi asitegemee kwamba itasoma yote. Afadhali aandike tarehe na jina la somo juu ya kila nota.

Jaribio la dakika kumi

Kabla ya kulipa chochote, mtu afanye hivi. Akate koneksio yote. Afungue aplikasio, aandike ukurasa mmoja, afunge, kisha afungue tena. Atoe ukurasa ule kwa PDF na autume kwenye simu ya mwenzake. Ikikataa mahali pamoja, hiyo si aplikasio ya kutegemea hapa.

Kisha ibaki desturi moja. Kila siku ya posho, nota za wiki zitolewe kwa PDF na ziwekwe mahali pawili nje ya tableti: kwenye flash disk ao karte memwari, na kwenye simu ya mtu wa nyumbani. Haiombi mega hata moja.

Na kaye isitupwe. Siku umeme haukurudi usiku na batiri iko kwa asilimia tano asubuhi, biki bado inaandika. Ukurasa ule utapigwa picha baadaye na kuingizwa katika nota pamoja na mingine.