Simu Imezama, Pesa Ziko Wapi?

Simu yako ikianguka kwa ndoo ya maji leo, je, salio limezama nayo? Hapana. Pesa zako hazikai kwa simu wala kwa laini. Simu ni mlango tu. Rekodi zenyewe ziko kwenye seva zetu. Ukirudisha namba yako kwenye laini mpya, utalikuta salio.

Ukimtumia mama shilingi 500, seva huandika kwanza kwenye daftari la miamala: toa 500 kwako, ongeza 500 kwa mama. Hayo mawili huenda pamoja. Stima ikipotea katikati, mfumo ukiwaka tena husoma daftari hilo. Kama muamala haukukamilika, unafutwa wote na pesa zinabaki kwako. Hakuna nusu.

Rekodi hunakiliwa pia kwenye seva za jengo lingine, ili diski moja ikiharibika, nyingine iwepo. Lakini kosa likiandikwa huku, linanakiliwa na kule. Ndiyo maana tunaweka kando nakala za kila siku, na tunajaribu kuzirejesha mara kwa mara.

Kwa hivyo SMS ikichelewa, usikimbilie kutuma tena. Ujumbe unaweza kukwama njiani na pesa zimeshafika, ujipate umetuma mara mbili. Angalia salio kwanza. Na wewe mwenye duka, usitoe mzigo kwa sababu umeona SMS tu. Hiyo mtu anaweza kuighushi. Amini salio lako.