Mwanga Usimpofue Rubani

Kila mwenye nyumba aijua desturi ya taa ya chemli. Jioni watoto wasomapo, mama huupandisha utambi. Wakiisha kulala, huushusha mpaka ubaki mwanga kidogo wa kumwonyesha mtu mlango ulipo. Tena twajua sote kwamba mtu aliyeketi karibu na taa kali, akitoka nje ghafula, haoni kitu. Hujikwaa katika kinu anachokipita kila siku. Wale waliokuwa wakizungumza gizani humcheka, maana wao wauona uwanja wote, hata mwembe ulio mbali.

Basi leo tulitazame jambo hilo hilo mahali penye hatari zaidi: angani, usiku, ndani ya eropleni ndogo ambayo rubani wake aliiunda kwa mikono yake mwenyewe.

EROPLENI ZA KUUNDWA NYUMBANI

Huenda msomaji akauliza, “Je, mtu aweza kuunda eropleni nyumbani kwake?” Naam, aweza. Katika Marekani maelfu ya watu wamefanya hivyo. Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha chama cha waundaji, kiitwacho Experimental Aircraft Association, na tangu mwaka 1970 mkutano wake mkubwa umekuwa Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin. Wengi hununua vipande vya alumini vilivyokatwa tayari, kisha huviunga wenyewe kwa ribiti, jioni baada ya kazi, kwa miaka kadhaa. Eropleni zaidi ya 10,000 zilizoundwa kwa vipande na michoro ya kampuni moja tu, Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, zimekwisha kuruka. Sheria ya huko yataka zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na watu waundao kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha.

Mwundaji ana uhuru mkubwa: vyombo vya mbele yake huvichagua mwenyewe. Lakini uhuru huo una mzigo wake. Katika eropleni ya kiwandani, mafundi walikwisha kupima mwanga wa kila chombo. Huyu hununua kioo cha kuonyesha mwendo na kimo kwa kampuni hii, redio kwa kampuni ile, na taa za swichi kwa duka jingine. Kila kimoja chang'aa kwa namna yake. Kuvipatanisha ni kazi yake mwenyewe.

JICHO NA GIZA

Kwanza tulifahamu jicho. Ndani yake mna chembe za namna mbili zipokeazo mwanga. Za kwanza, kama milioni 6, zimesongamana hasa katikati. Hizo ni za mchana, nazo hutambua rangi. Za pili, zaidi ya milioni 100, zimetawanyika pembeni. Hizo ndizo zionazo gizani. Ndiyo maana usiku ukikitazama kitu hafifu moja kwa moja chapotea, ukitazama kando yake kidogo chaonekana.

Chembe hizo za giza huchukua kama dakika 30 kuzoea giza sawasawa. Lakini mwanga mkali wa sekunde chache tu huweza kuiharibu kazi yote hiyo, na rubani huanza tena. Tena chembe hizo zahitaji vitamini A, ipatikanayo katika maini, mayai, karoti, papai na majani ya mchicha. Mtu aikosaye kabisa hupata ugonjwa wa kutoona usiku.

Sasa mfikirie rubani arudiye usiku. Mbele yake kuna mistari miwili ya taa ndogo za kiwanja, na pengine kilima cheusi upande mmoja. Kioo chake kikiwaka kama mchana, macho yake hayavioni vitu vya nje, na zaidi ya hayo kifuniko cha kioo kilicho juu ya kichwa chake hugeuka kuwa kama kioo cha kujitazamia, kikimwonyesha vyombo vyake badala ya nchi. Lakini akivififisha mno, hawezi kusoma mwendo wake. Na eropleni ikipungua mwendo kupita kiasi, mabawa hayaibebi tena, huanguka. Yampasa kupata kiasi cha katikati.

Na kiasi hicho hakisimami mahali pamoja. Mwanga wa jua la adhuhuri huzidi ule wa mbalamwezi mara zaidi ya 100,000. Kioo kisomekacho juani ni kikali mno usiku, na kilichofifishwa kwa ajili ya usiku huonekana juani kama kimekufa.

NJIA ZA KUPUNGUZA MWANGA

Zamani taa za vyombo zilikuwa globu ndogo zenye waya ndani, nazo zilipunguzwa kwa kirungu cha kuzungusha kilichouzuia umeme kwa waya mrefu. Umeme uliozuiwa uligeuka kuwa joto, hata kirungu chenyewe kikawa moto. Globu ya namna hiyo ikipewa nusu ya volti zake, hutoa kama sehemu moja ya kumi tu ya mwanga wake.

Siku hizi wengi hutumia taa za LED. Hizo hazina tabia ya globu: ukipunguza volti kidogo kidogo kwa kirungu cha zamani, huweza kuzimika ghafula kabla ya kufifia vema. Dawa yake ni chombo kinachouwasha na kuuzima umeme mara mamia katika sekunde moja. Jicho halioni kule kukatika-katika. Laona mwanga mdogo tu. Muda wa kuwaka ukifupishwa, mwanga hupungua.

Vioo vikubwa vina njia tatu. Ya kwanza, rubani huchagua mwenyewe kwa kidole. Ya pili, kijicho kidogo cha umeme hupima mwanga wa mahali hapo, kama kile kilicho katika simu nyingi za mkononi. Ya tatu, kioo hufuata volti za waya ule ule wa taa nyingine, ili kirungu kimoja kiviongoze vyote. Kila njia ina kasoro yake. Kijicho cha umeme kikifunikwa na kivuli cha mkono, kioo chafifia. Kikipigwa na tochi, chang'aa machoni. Na kirungu kimoja kikiharibika, huenda vyote vikawa giza pamoja.

Kwa hiyo mwundaji mwenye busara huyatunza mambo haya. Hutumia njia ya kirungu kimoja, lakini huacha nafasi ya kuvipandisha vioo kwa mkono. Hupanga waya zake hivi kwamba kirungu kikifa, kioo kikuu kibaki kikionekana. Hukipaka rangi nyeusi isiyong'aa kile kibao kilicho juu ya vyombo. Na huweka tochi mahali ambapo mkono waifikia bila kutafuta.

MTIHANI WA GIZANI

Kisha huja mtihani, nao hufanywa chini, si angani. Usiku huisukuma eropleni mahali pasipo taa, huketi ndani dakika 30, halafu huwasha vyombo kimoja kimoja. Je, kipi chasomeka? Kipi chachoma macho? Mara nyingi mkosaji si kioo kikubwa, ila kitaa kidogo cha swichi ambacho hakuna aliyekikumbuka. Asubuhi yake hurudia jua likiwa nyuma yake. Na kabla ya kila safari ya mchana hukipandisha tena kirungu alichokishusha usiku, asije akadhani kioo kimeharibika.

Msomaji mpenzi, wengi wetu hatutaunda eropleni. Lakini macho yetu ni yale yale. Mwenye pikipiki aliyetoka kuitazama simu yake gizani, akaondoka mara ile ile, yu kama rubani aliyepofushwa na kioo chake: mtoto aliye kando ya njia hamwoni. Basi usiku wa leo ushushe mwanga wa simu yako, uketi nje kitambo, uyape macho nafasi. Kama una safari, ngoja kwanza mpaka uuone tena mti ulio mbali, ndipo uondoke.