Mwelekeo wa Vifo vya Pumu katika Jamii

Pumu ni ugonjwa wa muda mrefu wa mirija ya hewa. Mirija huvimba, hutoa makamasi mazito, na misuli yake hujikaza, hivyo mgonjwa hukohoa, hubanwa kifua na kupumua kwa mluzi. Hayo bila shaka unayajua. Swali linalowatoa watahiniwa jasho ni jingine: vifo vya pumu vinaongezeka au vinapungua, nasi tunajuaje?

Anza na hesabu. Tuseme, kwa tarakimu za mfano tu, mji kama Babati una watu 100,000 na kwa mwaka hutokea vifo 5 vya pumu. Miaka kumi baadaye una watu 150,000 na vifo 6. Mtahiniwa mwenye haraka ataandika "vifo vimezidi" na kuishia hapo. Ni kweli idadi imepanda, lakini kiwango kimeshuka kutoka vifo 5 hadi 4 kwa kila watu 100,000. Hili si jambo la darasani tu: sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 Tanzania nzima, na ile ya 2022 watu 61,741,120. Gawanya kwanza, ndipo useme.

Sasa tazama grafu ambazo zimewahi kupanda kweli. Uingereza, katika miaka ya 1960, vifo vya pumu kwa vijana viliruka ghafla. Kufikia 1966, pumu ilisababisha takribani asilimia 7 ya vifo vyote vya watoto wa miaka 10 hadi 14. Wachunguzi waliitilia shaka dawa ya kuvuta iliyouzwa bila cheti cha daktari, isoprenalini yenye nguvu kubwa. Tahadhari ilitolewa, uuzaji ukadhibitiwa, na vifo vikashuka. New Zealand ilipatwa na mkasa unaofanana kuanzia 1976, safari hii dawa ikiwa fenoteroli. Ilipowekewa vizuizi mwishoni mwa miaka ya 1980, vifo navyo vilipungua sana.

Kwa nini dawa inayotuliza ihusishwe na vifo? Jibu la sehemu ni hili: inhela ya kutuliza hufungua mirija kwa muda, lakini haiondoi uvimbe. Mgonjwa hupata nafuu, huahirisha kwenda hospitali, na shambulio kubwa humkuta nyumbani. Inhela ya steroidi ndiyo hupunguza uvimbe wenyewe, na kuenea kwake ni sababu mojawapo kuu ya viwango kushuka katika nchi nyingi tajiri. Mwenzako wa bweni anayetumia inhela ya kutuliza peke yake kila siku, hata kama anacheza mpira vizuri, anahitaji kuonana na daktari.

Watafiti hupenda kulinganisha umri wa miaka 5 hadi 34. Chini ya hapo pumu huchanganywa na maambukizi ya mapafu; juu ya hapo huchanganywa na madhara ya sigara na ya moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni.

Kwetu kuna kikwazo kingine. Mtu akifia nyumbani katika kijiji cha pembezoni mwa Babati, mara nyingi huzikwa bila daktari kuandika chanzo cha kifo. Usajili ukiboreshwa, vifo "vya pumu" vinaweza kupanda kwenye karatasi ingawa hakuna aliyekufa zaidi ya zamani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 455,000 vya pumu duniani mwaka 2019, vingi vikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha chini-kati, ambako inhela ya steroidi ni adimu au ni ghali.

Jipime: Wilaya imeandikisha vifo 8 vya pumu mwaka huu badala ya 4 vya mwaka jana. Taja mambo matatu utakayoyauliza kabla ya kusema ugonjwa umekuwa hatari zaidi.