Kondo la Nyuma si Ngome: Taathira za Dawa na Sumu Wakati wa Ujauzito

Jina "kondo la nyuma" limetokana na saa ya mwisho ya uzazi. Mkunga humpokea mtoto kwanza, kisha husubiri kile kinachofuata nyuma yake; kikishatoka kizima, hupumua. "Zalio", jina lake la pili, nalo limefungamana na kitendo hicho hicho cha kuzaa. Majina yote mawili hayasemi lolote kuhusu miezi iliyotangulia, ambapo kiungo hicho kilikuwa mapafu, figo na utumbo wa kijusi kwa wakati mmoja. Yamkini ndiyo sababu watu wanapozungumzia dawa na sumu katika ujauzito humtaja mama na kumtaja mtoto, ilhali kilicho kati yao husahaulika. Makala haya yanakihusu hicho kilicho kati.

Kondo lililokomaa lina umbo la sahani, kipenyo cha takriban sentimita 22 na uzito wa karibu nusu kilo. Upande mmoja limeshikamana na ukuta wa mji wa mimba. Upande wa pili hutokea kiungamwana, ule ugwe ambao wengi huuita kitovu. Ndani yake mna vijitawi vingi mithili ya mizizi ya mti, vinavyoogelea katika damu ya mama. Damu ya mtoto hupita ndani ya vijitawi hivyo, ya mama huvizunguka kwa nje, na kwa kawaida mbili hizo hazichanganyiki. Kinachozitenga ni utando mwembamba mno ambao, lau ungekunjuliwa wote, ungefikia mita mraba zipatazo 11, yaani sakafu ya chumba cha kulala.

Maadamu damu hizo hazichanganyiki, wataalamu wengi waliridhika kwa muda mrefu kwamba utando huo ni ngome. Imani hiyo ilivunjwa kwa gharama kubwa. Mnamo Oktoba 1957 dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa katika Ujerumani Magharibi, na wajawazito wengi wakaitumia kutuliza kichefuchefu cha asubuhi. Ilisifiwa kuwa salama kabisa. Kufikia Novemba 1961, ilipoondolewa madukani huko baada ya daktari Widukind Lenz wa Hamburg na mwenzake William McBride wa Australia kuinyoshea kidole, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na mikono na miguu iliyodumaa; idadi yao duniani hukadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Cha kutisha zaidi ni muda wenyewe. Madhara hayo yalitokea endapo dawa ilinywewa kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kuwa wana mimba, na kondo lenyewe ndilo kwanza linajengeka.

Kumbe basi kondo linapitisha nini na kuzuia nini? Ni heri kulifikiria kama bawabu kuliko kama ukuta, lakini bawabu wa ajabu, asiyeuliza nia ya mgeni. Hutazama ukubwa wake kwanza. Insulini ni molekuli kubwa, nayo kwa kawaida haipiti; ndiyo maana imetumika kwa miaka mingi kuwatibu wajawazito wenye kisukari. Heparini, inayozuia damu kuganda, ni kubwa vilevile, hivyo hubakia kwa mama. Wafarini hufanya kazi iyo hiyo ya kuzuia damu kuganda, ila molekuli yake ni ndogo. Hupenya, na huweza kulemaza mifupa ya kijusi. Dawa mbili za kusudi moja, na hatima mbili tofauti. Pombe ni ndogo zaidi na huyeyuka upesi katika maji na mafuta, kwa hiyo huvuka bila kikwazo. Kiwango chake katika damu ya kijusi hukaribia kile cha mama baada ya muda mfupi, na ini la kijusi bado halina uwezo wa kuivunjavunja.

Bawabu huyu si mzembe, lakini. Katika utando huo mna protini zinazofanya kazi kama pampu, zikirudisha baadhi ya dawa upande wa mama. Mna pia vimeng'enya vinavyovunja vitu vingine kabla havijavuka. Prednisoloni hupunguzwa makali kwa njia hii, hata kiasi kidogo tu kikamfikia mtoto. Deksamethasoni, ambayo ni ndugu yake, huponyoka. Madaktari wameugeuza udhaifu huo kuwa nyenzo: mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati hudungwa deksamethasoni ili imfikie mtoto na kuyakomaza mapafu yake.

Tatizo kubwa ni mgeni anayekuja na sura ya mwenyeji. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga taka zenye zebaki baharini, samaki wakaibeba, nao wavuvi wakala samaki. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulioletwa na taka hizo ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Palikuwepo pia watoto waliozaliwa wakiwa hawawezi kushika shingo wala kusema, ilhali mama zao walionekana karibu wazima. Mama hao walishikilia kuwa watoto waliipata sumu tumboni. Wataalamu walikataa kwa hoja ile ile ya ngome, hadi mwaka 1962 ilipokubaliwa. Leo inafahamika kwamba zebaki ya aina hiyo hujishikiza kwenye asidi-amino na kufanana na chakula ambacho kijusi kinakihitaji; kondo huipokea na kuivusha lenyewe, kiasi kwamba damu ya kiungamwana huwa na zebaki nyingi kuliko damu ya mama.

Ushahidi mmojawapo ulitoka mahali ambapo msomaji wa Afrika Mashariki atapaelewa mara moja. Familia nyingi za Japani hukausha kipande cha kiungamwana cha mtoto na kukihifadhi katika kijisanduku cha mbao. Daktari Harada Masazumi na wenzake walivikusanya vipande hivyo na kuvipima, na zebaki ya miaka iliyopita ikaonekana humo. Kwetu kitovu na kondo huzikwa, na Mswahili husema kitovu chake kimezikwa mahali fulani akimaanisha kwao. Huko Minamata kitovu kilitoa ushahidi juu ya kwao.

Kondo lenyewe nalo huumia, na jambo hili halitajwi vya kutosha. Kadimiamu iliyomo katika moshi wa tumbaku haivuki kwa wingi. Hujilimbikiza ndani ya kondo na kuliharibia kazi ya kupitisha madini ya zinki. Nikotini hubana mishipa ya damu, na gesi ya kaboni monoksaidi, iwe ya sigara au ya jiko la makaa lililowashwa chumbani, huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kokeini hubana mishipa kwa ghafla, na huweza kusababisha kondo kubanduka kabla ya wakati wake, tukio linaloweza kumwua mama na mtoto kwa pamoja. Vimelea vya malaria hujificha kondoni humo humo. Kwa hiyo vidonge vya SP wanavyopewa wajawazito wa ukanda wa Ziwa na wa Pwani ni dawa zinazolilinda kondo hasa.

Nchini Kenya kuna kisa cha risasi ambacho hakijaisha. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendeshwa kati ya 2007 na 2014, na wakazi wakapatikana na madini ya risasi mwilini. Mnamo Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Lakini risasi haisikilizi hukumu. Huhifadhiwa mifupani kwa miongo, na mwanamke anaposhika mimba mifupa yake hutoa kalisi kwa ajili ya mtoto, risasi nayo ikatoka pamoja nayo na kuvuka kondo karibu bila pingamizi. Msichana aliyeivuta vumbi ile akiwa darasa la tatu anaweza kumrithisha mwanawe, hata akiwa amehamia mbali.

Hofu ya kupita kiasi nayo ina madhara. Mwezi wa Mei 2018 ripoti ya awali kutoka Botswana ilihusisha dolutegraviri, dawa ya kudhibiti virusi vya Ukimwi, na kasoro za uti wa mgongo. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, zikawawekea vikwazo wanawake wa umri wa kuzaa. Takwimu zilipoongezeka tofauti ilididimia, na mnamo 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote. Mjamzito anayeacha dawa hizo, au za kifafa, kwa sababu amesikia kuwa dawa ni mbaya kwa mimba, hujiweka katika hatari kubwa pasi na kumwuliza daktari.

Hapa ndipo wanafunzi wa lugha wanapoingia. Kliniki nyingi humwuliza mjamzito: "Unatumia dawa yoyote?" Naye hujibu, kwa unyofu kamili, kwamba hatumii. Udongo anaoutafuna, ule uitwao odowa sokoni, si dawa. Ugoro si dawa. Miraa si dawa, na busaa ya jirani ni kinywaji. Mizizi aliyochemshiwa na mama mkwe ni chai tu. Katika Kiswahili neno "dawa" limebeba nia ya kuponya, na kisicho na nia hiyo hubaki nje ya swali. Kondo halina habari na nia. Muuguzi mmoja akiuliza, "Tangu ulale jana hadi sasa umekula nini, umekunywa nini, umetafuna nini, umevuta nini?" atapata orodha nyingine kabisa.