Hesabu ya Kijana wa Karakana

Miradi mingi ya vijana Nairobi hujengwa juu ya dhana moja: mhitimu wa chuo cha ufundi hana mtaji wala moyo wa biashara, basi apewe mkopo na semina. Kuhusu moyo, nadhani wapangaji wa miradi wamekosea. Moyo anaupata karakanani.

Tazama kibanda cha kuchomelea vyuma kando ya barabara, Kawangware. Kijana mwenye cheti chake ameajiriwa hapo kwa malipo ya siku. Anakata vyuma, anaunga, anasaga maungio kwa grinda, anapaka rangi. Mwenye geti akija kuchukua mali yake, kijana anamwona tajiri wake akihesabiwa noti. Bei ya vyuma anaijua, maana ndiye hutumwa dukani. Anajumlisha, anatoa, na kuona kwamba faida ya geti hilo inaupita ujira wake wa siku nyingi. Wazo la kujitegemea likishamwingia hivyo, halimtoki. Tena vyuma vyenyewe vilinunuliwa kwa arbuni ya mteja! Kwa hiyo anachokosa ni mashine, mahali penye stima, na jina la kumfanya mtu amwachie pesa kabla ya kazi.

Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo wa serikali, ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi ulikuwa wa shilingi 500 hadi 50,000, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na muda wa kulipa siku 14. Mama mboga wa Kangemi anayemaliza mzigo kwa siku moja au mbili anaweza kwenda na mwendo huo. Fundi siku hizo humwishia geti halijachukuliwa, na wengi huanza na viwango vidogo visivyonunua mashine. Mradi wa ajira kwa vijana wa KYEOP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulikaribia ukweli zaidi: baadhi ya vijana waliwekwa chini ya mafundi wa jua kali wenyewe, wakajifunza kazi pamoja na wateja wake.

Chuo cha ufundi cha Kabete kimekuwa kikifundisha ufundi tangu 1924, enzi za mkoloni. Mafunzo tunayo. Naomba wanaopanga miradi katika ofisi za katikati ya jiji wamkopeshe mhitimu mashine yenyewe, ailipe polepole kadiri kazi zinavyoingia, na kaunti imtengee mahali ambapo kibanda chake hakitabomolewa.