Mwanao akirudi na matope ya mtoni

Mwanao amerudi shule na matope magotini, anakwambia walikuwa mtoni wakihesabu wadudu. Usimkaripie kwanza, msikilize.

Kule Afrika Kusini wanafunzi hutumia kipimo kiitwacho miniSASS. Huchota kwa wavu, humwaga kwenye beseni jeupe, kisha hutafuta makundi 13 ya viumbe wadogo, wakiwemo kaa, konokono, ruba, minyoo na watoto wa kereng'ende. Kila kundi lina alama zake. Minyoo na ruba huvumilia uchafu, hivyo alama zao ni ndogo. Wakibaki hao peke yao, ujue mto unaumwa. Uchafu uliomwagwa jana huenda umeshapita na maji, lakini viumbe waliokufa hawarudi kesho yake.

Hata hivyo, mzazi, uliza mambo matatu. Mwalimu alikuwepo? Mlivaa gambuti na glavu? Mlinawa kwa sabuni? Baadhi ya konokono hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi iliyo majini.

Tena mwambie: mto wenye wadudu wengi si ruhusa ya kunywa maji yake. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwenye beseni. Maji ya kunywa yachemshwe.