Mzee Anayesahau Si Mchawi



Usiku mmoja, katika mtaa ninamotumika, mama mzee alikutwa mlangoni pa jirani, karibu uchi, akiuliza njia ya kwenda shambani kwa baba yake aliyekufa zamani. Kulipokucha, neno lilikuwa limezunguka avenyu nzima: ni mchawi. Watoto wake walimpeleka katika chumba cha maombi, akaambiwa aungame. Hakujua aungame nini. Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja wa kwaya yetu, aliyesema: "Huyu mama ni mgonjwa."

Ugonjwa huo unaitwa demensia. Si laana, wala si uzee wenyewe. Ni ubongo unaoharibika polepole. Aina yake inayoonekana zaidi inaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka wa 1906. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye demensia, na wengi wao wako katika nchi za mapato madogo na ya kati.

Kwetu, kutojua kunaweza kuua. Katika Kivu ya Kusini wamama wazee wamechomwa moto kwa shitaka la uchawi. Anayetembea usiku na kusema peke yake ndiye anayeshukiwa kwanza. Kwa hiyo kanisa linapashwa kufundisha mambo matatu.

Kwanza, kutambua dalili. Kusahau ulipoweka ufunguo ni jambo la kila mtu. Lakini kuuliza swali moja mara kumi, kupotea katika njia uliyoipita miaka 40, au kutomtambua mtoto wako, hizo ni dalili. Mzee akichanganyikiwa ghafula, kwa siku moja au mbili, mpelekeni haraka kwenye kituo cha afya: inaweza kuwa malaria, ambukizo la mkojo au upungufu wa maji mwilini, na hayo yanatibika. Tuombe, lakini maombi yasizuie matibabu.

Pili, kutunza. Dawa ya kuponya demensia haijapatikana. Msibishane naye. Akimwita mama yake aliyekufa, mwombeni awasimulie habari zake. Ale, aoge na alale saa zile zile kila siku. Ondoeni panga na petroli karibu naye. Mara nyingi mzigo wote unamwangukia binti mmoja au mkamwana. Umoja wa wamama upange zamu, ili naye apate kulala na kuja ibadani.

Tatu, kujitunza mapema, hata sisi wa miaka 40. Tupime tansio na sukari, tuache sigara, tupunguze pombe, tutembee, tutibu masikio yasiyosikia vizuri. Tusiwaache wazee peke yao, kwa maana upweke pia unaongeza hatari.

Zaburi 71 ni sala ya mtu aliyezeeka anayeogopa kuachwa. Sala hiyo inasaliwa leo katika nyumba zetu, na pengine jibu lake ni sisi.

Mama yule angali kati yetu. Hakumbuki jina langu. Lakini wimbo wa zamani unapoanza, anaimba beti zote. Na ibada ikiisha, jirani yule yule ndiye anayemshika mkono kumrudisha nyumbani.

Bwana awabariki.